Kabla ya Kununua "Kontroli Boksi" Nyingine, Pima Umeme Unaoifikia

Wenye magari wengi wamewahi kuambiwa maneno haya gerejini: "Kontroli boksi imekufa, tafuta nyingine." Mwenye gari hukopa kwenye chama, hutuma pesa Mombasa au Nairobi, na boksi ya mtumba huja ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Inapachikwa, swichi inawashwa, na gari linabaki vilevile. Pesa zimekwenda na ugonjwa haujaguswa.

Mara nyingi boksi ya kwanza haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa na njaa. Umeme ulikuwa hauifikii, au ulikuwa unaifikia kidogo kuliko inavyohitaji. Sababu huwa ndogo: kichwa cha betri kilichooza, fyuzi iliyoungua, rilei iliyochoka au waya wa arthi uliolika kwa kutu. Makala haya yanaeleza jinsi hitilafu hizo zinavyotafutwa kwa utaratibu, ili mwenye gari ajue la kumuuliza fundi, na kijana anayejifunza kazi ajue pa kuanzia.

Jambo hili linawahusu hata wasio na gari. Probox inayopakia samaki Ngomeni, matatu inayotoka Bamba alfajiri, lori la chumvi kutoka Marereni na ambulensi inayomkimbiza mama mjamzito hospitalini, yote hutegemea kompyuta ya injini. Gari la aina hiyo likilala gerejini wiki nzima kwa sababu ya kubahatisha, hasara humfikia kila anayelitegemea.

KOMPYUTA YA INJINI HUFANYA KAZI GANI?

Kontroli boksi ni kompyuta ndogo ndani ya kasha la chuma au plastiki. Katika magari mengi huwekwa nyuma ya dashibodi upande wa abiria, na katika mengine hukaa chini ya boneti. Kazi yake ni kupokea habari kutoka kwa sensa, kama vile joto la injini, hewa inayoingia na mzunguko wa krenki, kisha kuamua injekta zinyunyize mafuta kiasi gani na koili zipige cheche wakati gani. Isipopata umeme, hakuna mafuta wala cheche. Stata itazungusha injini mpaka betri iishe, na gari halitawaka.

Kompyuta hii hupata umeme kwa njia tatu, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni waya unaotoka kwenye betri moja kwa moja kupitia fyuzi. Huu huwa na umeme saa zote, hata swichi ikiwa imezimwa, na hulinda kumbukumbu ya kompyuta.

Ya pili ni waya unaotoka kwenye swichi ya ufunguo. Huu hupata umeme pale tu unapowasha swichi. Kazi yake ni kuiamsha kompyuta.

Ya tatu ni umeme mkubwa wa kufanyia kazi, unaopita kwenye rilei kuu. Katika magari mengi kompyuta ikishaamshwa, yenyewe huiamuru rilei kuu ijifunge, na hapo umeme wa betri humiminika kwenye kompyuta. Rilei hiyo hiyo mara nyingi hulisha pia injekta na vifaa vingine vya injini. Katika magari mengine rilei huamriwa na swichi moja kwa moja.

Tena umeme ukiingia lazima upate njia ya kurudi kwenye upande hasi wa betri. Njia hiyo ndiyo arthi. Kompyuta huwa na nyaya kadhaa za arthi zinazofungwa kwa bolti kwenye injini au kwenye bodi ya gari. Arthi ikiwa mbovu, ni sawa na bomba linaloleta maji shambani huku mfereji wa kutolea umezibwa. Fundi akipima upande wa kuingilia peke yake, amefanya nusu ya kazi.

DALILI ZA KOMPYUTA KUKOSA UMEME

Anza na taa ya injini kwenye dashibodi. Swichi ikiwashwa kabla ya kupiga stata, taa hiyo inapaswa kuwaka, na injini ikishanguruma inapaswa kuzimika. Kama haiwaki kabisa swichi ikiwa imewashwa, na balbu yake si mbovu, hiyo ni ishara kubwa kwamba kompyuta haijaamka.

Dalili nyingine ni hizi:

- Stata inazungusha vizuri lakini hakuna cheche wala mafuta kwenye silinda zote kwa pamoja.
- Pampu ya mafuta hailii ile sekunde mbili tatu za mwanzo unapowasha swichi, kwa magari ambayo pampu yake hulia hivyo.
- Injini inazimika ghafla kwenye matuta au barabara ya mashimo, kisha inawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea.
- Mashine ya kusoma hitilafu, yaani skana, inawaka lakini inashindwa kuzungumza na kompyuta ya injini.
- Sindano za dashibodi zinaruka, taa zinafifia, na kodi nyingi za sensa tofauti zinajitokeza kwa wakati mmoja.

Dalili hii ya mwisho huwapoteza wengi. Sensa 6 haziharibiki siku moja. Zikilalamika zote kwa pamoja, tafuta kitu ambacho zote hukitegemea. Kitu hicho mara nyingi ni umeme au arthi.

KABLA HUJAGUSA WAYA

Tenga gari mahali tambarare, weka hendibreki na gia huru au P. Vua pete na saa ya chuma. Betri hutoa gesi inayoweza kulipuka, kwa hiyo sigara na moto vikae mbali. Ukihitaji kufungua betri, anza na upande hasi. Ukirudisha, upande hasi uwe wa mwisho.

Nyaya na soketi za rangi ya manjano katika magari mengi ni za mifuko ya hewa ya usalama. Usizitoboe wala kuzipima, kwani mfuko unaweza kufyatuka usoni.

Kosa moja la zamani bado linafanyika katika gereji zetu: kufungua kichwa cha betri injini ikinguruma, ati kujaribu kama alternata inachaji. Katika magari ya kabureta watu waliponea. Katika gari lenye kompyuta, betri ikiondolewa ghafla volti ya alternata huweza kuruka juu sana kwa muda mfupi na kuichoma kompyuta iliyokuwa nzima. Fundi akitaka kufanya hivyo kwenye gari lako, mzuie. Alternata hupimwa kwa mita.

HATUA YA 1: BETRI NA VICHWA VYAKE

Kila uchunguzi uanzie hapa, hata kama unaona taa zinawaka. Chukua mita ya kupimia umeme, iweke kwenye volti za DC, na upime kwenye nguzo zenyewe za betri.

Gari likiwa limelala saa kadhaa, betri iliyojaa husoma volti 12.6 au karibu na hapo. Ikisoma 12.4 imepungua kiasi cha robo. Ikisoma 12.0 inakaribia kuisha. Sasa mtu apige stata huku wewe ukitazama mita. Volti zitashuka, lakini zisishuke chini ya 9.6. Zikishuka zaidi, kompyuta inaweza kuzima wakati ule ule stata inapozungusha, na gari halitawaka ingawa injini inazunguka.

Injini ikishawaka, mita isome kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 na kuendelea kushuka, alternata haichaji. Ikipita 15, kidhibiti cha alternata kimeharibika na vifaa vyote vya gari viko hatarini.

Geuza mita kwenye volti za AC, injini ikinguruma. Usomaji unapaswa kuwa mdogo sana. Ukipita nusu volti, huenda dayodi ya alternata imekufa na inaingiza umeme mchafu unaovuruga kompyuta.

Kisha angalia vichwa vya betri. Vitikise kwa mkono. Kama vinazunguka, kaza. Kama vina unga mweupe au wa kijani, vifungue, visugue mpaka chuma king'ae, vifunge tena. Gharama yake ni dakika 10 na kipande cha msasa.

HATUA YA 2: SKANA

Soketi ya skana huwa chini ya dashibodi upande wa dereva. Soketi ya kawaida ina pini 16. Pini ya 16 huleta umeme wa betri, na pini ya 4 na ya 5 ni arthi. Kwa hiyo skana yenyewe hutoa jibu la kwanza.

Kama skana haiwaki kabisa, angalia fyuzi inayolisha soketi hiyo. Katika magari kadhaa ndiyo fyuzi ile ile ya kiwashio cha sigara, ambayo huungua kwa sababu ya chaja za simu za bei rahisi.

Kama skana inawaka lakini haizungumzi na kompyuta ya injini, huku inazungumza na kompyuta nyingine kama ya breki, ni lazima umeme na arthi za kompyuta ya injini vipimwe. Kodi U0100 inayotoka kwenye kompyuta nyingine maana yake ni kwamba mawasiliano na kompyuta ya injini yamekatika. Haisemi kwamba kompyuta imekufa.

Kodi nyingine za kuzingatia ni P0560 kuhusu volti za gari kwa jumla, P0562 volti kuwa chini, P0563 volti kuwa juu, na P0685 kuhusu njia inayoiamuru rilei kuu. Kodi ni dokezo la mahali pa kupima. Fundi anayesoma kodi na kuagiza kifaa bila kupima waya hata mmoja, amebahatisha kwa kutumia mashine ya bei kubwa.

HATUA YA 3: FYUZI NA RILEI KUU

Fyuzi za kompyuta huwa zaidi ya moja, nyingine chini ya boneti na nyingine ndani ya gari. Kifuniko cha kisanduku cha fyuzi huonyesha kila moja ni ya nini. Usitosheke kuitazama kwa macho, kwa sababu fyuzi inaweza kuwa na ufa usioonekana. Washa swichi, kisha gusa kwa taa ya testa vichwa viwili vidogo vya chuma vilivyo juu ya fyuzi. Umeme ukiwa upande mmoja tu, fyuzi imekatika. Ukikosekana pande zote mbili, tatizo liko kabla ya fyuzi.

Fyuzi ikiungua, weka ya kipimo kile kile. Fyuzi za kawaida za gari hutambulika kwa rangi: nyekundu ni ampia 10, buluu 15, manjano 20 na kijani 30. Kuweka ya kijani mahali pa buluu, au kufunga waya au karatasi ya sigara, huondoa ulinzi, na waya ndio utakaoungua. Magari huteketea kwa njia hiyo. Na fyuzi mpya ikiungua papo hapo, usiweke ya tatu. Kuna waya unaogusa bodi mahali fulani, na huo ndio unaotafutwa.

Rilei kuu ni kisanduku kidogo cha mraba. Mtu awashe swichi huku wewe umeishika kwa vidole. Inapaswa kugonga kidogo. Ikigonga, bado haijathibitika kuwa nzima, kwa sababu sehemu za kugusana ndani yake zinaweza kuwa zimeungua. Njia rahisi ni kuibadilisha kwa muda na rilei nyingine ya gari hilo hilo yenye namba ile ile, kwa mfano ya honi. Gari likiwaka, umepata jibu bila kununua kitu.

Rilei isipogonga, pima kwenye soketi yake. Je, umeme wa betri umefika? Je, amri kutoka kwenye swichi au kompyuta inafika? Kama amri haifiki, rudi nyuma kwenye waya wa swichi. Swichi ya ufunguo iliyochakaa inaweza kuwasha redio na taa za dashibodi huku ikikosa kuiamsha kompyuta.

HATUA YA 4: PIMA UMEME UKIWA KAZINI

Hapa ndipo mafundi wengi hupotelea. Fundi hutoboa waya wa kompyuta kwa mita, anaona volti 12, anasema umeme upo, kwa hiyo boksi ndiyo mbovu. Lakini mita huvuta umeme kidogo mno. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba bado utaonyesha volti 12 kwenye mita. Ukiupa kazi halisi, volti hizo zinatoweka.

Hesabu yake ni nyepesi: volti zinazopotea ni ampia zinazopita mara ukinzani wa njia. Tuseme bolti ya arthi imeshika kutu na ina ukinzani wa nusu omu. Vifaa vikivuta ampia 6, volti 3 zinapotelea kwenye kutu. Betri ya 12.6 inabaki 9.6 mbele ya kompyuta. Vifaa vikiwa vimezimwa hakuna kinachopotea, na mita inasema kila kitu ni salama.

Kwa hiyo pima huku vifaa vikifanya kazi. Acha soketi ya kompyuta ikiwa imechomekwa. Washa injini kama inawaka, pamoja na taa kubwa na feni. Kama haiwaki, washa swichi au piga stata.

Kwa upande wa arthi, weka ncha nyeusi ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, na ncha nyekundu kwenye waya wa arthi wa kompyuta, ukiingilia nyuma ya soketi bila kuchubua waya. Usomaji mzuri ni 0.1 au chini yake. Ukiona 0.3, 0.5 au volti nzima, arthi ni mbovu.

Kwa upande wa kuingilia, weka ncha nyekundu kwenye nguzo chanya ya betri na nyeusi kwenye waya wa umeme mkubwa wa kompyuta. Usomaji wa 0.2 ni mzuri. Ukipita nusu volti, kuna kitu njiani kinachokula umeme. Sogeza ncha hatua kwa hatua, kabla ya fyuzi, baada ya fyuzi, kabla ya rilei, baada ya rilei. Mahali usomaji unaporuka ndipo ugonjwa ulipo.

Gari ambalo haliwaki kabisa linaweza kupimwa kwa balbu. Soketi ya kompyuta ikiwa imechomolewa, unganisha balbu ya indiketa ya wati 21 kati ya nguzo chanya ya betri na pini ya arthi ya soketi. Balbu hiyo huvuta karibu ampia 1.75, kwa hiyo waya dhaifu utajifichua. Ikiwaka kwa nguvu, arthi ni nzima. Ikififia, fuata waya. Kipimo hiki ni kwa nyaya za umeme mkubwa na arthi pekee. Usiguse nyaya za sensa kwa balbu, kwani utaharibu kilicho kizima. Na kumbuka kwamba katika magari ambayo kompyuta ndiyo huiamuru rilei kuu, soketi ikichomolewa rilei haitajifunga. Kukosa umeme hapo si ushahidi wa hitilafu.

HATUA YA 5: VOLTI 5 ZA SENSA

Kompyuta hupunguza umeme wa betri hadi volti 5 na kuzigawa kwa sensa kadhaa. Sensa moja ikiharibika ndani, au waya wake ukigusa bodi, volti hizo 5 huanguka. Katika magari kadhaa, Toyota zikiwemo, jambo hilo linaweza kuizima kompyuta nzima: taa ya injini haiwaki, skana haizungumzi, na gari haliwaki. Ukitazama juu juu utaapa kwamba boksi imekufa.

Pima volti 5 kwenye soketi ya sensa, kwa mfano ya throto. Zikikosekana, chomoa sensa moja baada ya nyingine huku mita ikiwa mahali pake. Ukichomoa moja na volti 5 zikarudi, umempata mwizi. Zisiporudi hata baada ya kuchomoa zote, chunguza nyaya kabla ya kuilaumu kompyuta.

HITILAFU INAYOKUJA NA KUONDOKA

Gari linalozimika njiani na kuwaka vizuri mbele ya fundi huchosha kila mtu. Mwenye gari anaweza kusaidia kwa kuandika: lilizimika saa ngapi, injini ilikuwa baridi au moto, barabara ya lami au ya vumbi, mvua au jua. Je, saa ya redio ilijirudisha mwanzo? Kama ndiyo, umeme wa gari zima ulikatika, na utafutaji uanzie kwenye betri.

Fundi naye aiache injini ikinguruma, kisha atikise kwa mkono fungu la nyaya sehemu kwa sehemu, agonge rilei kidogo kwa mpini wa bisibisi, na avute kila arthi. Injini ikikohoa au kuzima, hapo ndipo pa kufungua.

VYANZO VYA HITILAFU KATIKA MAZINGIRA YETU

Magari mengi tunayonunua hutoka Japani yakiwa yametumika, na kiwango cha KS 1515 huruhusu kuingizwa nchini gari lisilozidi umri wa miaka 8. Likiongeza miaka 10 kwenye barabara zetu, nyaya zake zimekuwa nzee. Juu ya hapo kuna mambo ya kwetu hapa Kilifi.

Chumvi. Hewa ya bahari hula bolti za arthi na pini za soketi, na magari yanayobeba chumvi na samaki huathirika zaidi. Arthi zikaguliwe na kusuguliwa angalau mara moja kwa mwaka, kisha zipakwe grisi ya kuzuia kutu.

Maunganisho ya baadaye. Alamu, vifaa vya kufuatilia gari vyenye uwezo wa kulizima, na vidhibiti mwendo vya magari ya abiria mara nyingi huunganishwa kwa kukata waya wa swichi au wa pampu. Waya uliosokotwa na kufungwa kwa tepu tu utalegea siku moja. Gari likikataa kuwaka, uliza kwanza ni kitu gani kiliwahi kuongezwa. Hata hivyo, kidhibiti mwendo ni takwa la sheria. Kirekebishwe na aliyeidhinishwa, kisikatwe.

Panya. Gari lililoegeshwa muda mrefu karibu na ghala la mahindi au nazi huwa makao yao.

Maji. Kuosha injini kwa mashine ya presha huingiza maji kwenye soketi na visanduku vya fyuzi.

Kuchomelea. Kabla ya kuchomelea bodi au chasisi kwa umeme, betri ifunguliwe na soketi ya kompyuta ichomolewe.

Betri kufungwa kinyume. Unapoazima umeme wa gari jingine, hakikisha chanya inakwenda kwa chanya. Sekunde moja ya kukosea yaweza kuunguza kompyuta na alternata.

NI LINI KOMPYUTA YENYEWE HULAUMIWA?

Kompyuta hufa kweli, hasa ikiingia maji au ikipigwa na volti kubwa. Lakini hukumu hiyo itolewe mwisho. Umeme wa njia zote tatu uwe umepimwa chini ya kazi na kuonekana mzima, arthi ziwe nzima, volti 5 ziwe zimechunguzwa, na bado kompyuta iwe haiamki au haitoi amri.

Hata hapo kuna mambo mawili. Kwanza, kilichoiua kitafutwe. Kama alternata inatoa volti 16, boksi mpya nayo itakufa. Pili, magari mengi ya leo yana ulinzi unaoutambua ufunguo. Boksi ya mtumba kutoka gari jingine huenda isiukubali ufunguo wako mpaka ioanishwe na mtaalamu, hata kama namba zake zinafanana. Na usinunue boksi isiyo na risiti wala anayejulikana kuiuza. Soko la vifaa vya wizi huishi kwa wanunuzi wasiouliza.

HAKI YAKO GEREJINI

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, pamoja na habari za kumwezesha kunufaika nazo. Gereji nayo ni huduma. Bila ugomvi, unaweza kusema hivi:

"Fundi, kabla hatujabadilisha boksi, naomba unioneshe volti za betri gari likipigwa stata."

"Umepima arthi ya boksi? Imesoma ngapi?"

"Rilei kuu umeijaribu kwa kubadilisha?"

"Tukibadilisha na gari lisiwake, boksi itarudishwa? Tuandikiane."

Fundi anayejua kazi yake hatachukia maswali haya. Yatampa nafasi ya kuonyesha ujuzi, na ni haki alipwe kwa muda wa kupima hata kama dawa ilikuwa fyuzi ya shilingi chache. Tukiendelea kulipia vifaa tu na kukataa kulipia uchunguzi, tunamfundisha fundi kuuza vifaa.

Omba risiti inayotaja kilichopimwa na kilichobadilishwa, na uchukue kifaa cha zamani. Mzozo ukikosa suluhu, Mahakama ya Madai Madogo, pale ilipo, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na unaweza kujitetea bila wakili. Risiti yako itakuwa ndiyo shahidi.

KWA VIJANA NA MAFUNDI

Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Kijana anayetaka ufundi wa magari aulize kwenye chuo kilicho karibu naye kuhusu mafunzo ya umeme wa magari, kwa sababu injini za sasa hazitengenezwi kwa spana peke yake. Fundi aliyejifunzia gerejini bila cheti anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa mamlaka ya NITA, kuanzia daraja la III hadi la I, na ujuzi wake ukatambuliwa rasmi.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: mita, taa ya testa, balbu ya wati 21 yenye nyaya mbili, msasa, na mchoro wa nyaya za gari husika. Skana itafuata baadaye.

Kwa mwenye gari, kazi ya wiki hii ni ndogo zaidi. Fungua boneti, tikisa vichwa vya betri, tafuta arthi inayotoka betrini kwenda kwenye bodi na uone kama ina kutu. Kisha washa swichi na uhakikishe taa ya injini inawaka. Ukiijua hali ya gari lako likiwa zima, siku likigoma utakuwa na la kumwambia fundi.